Wati, kilowati na hosipawa: hesabu ikigoma, anza na kibandiko

Kazi yangu ni kufunga pampu, jenereta na sola. Ukidhani simu ninazopigiwa ni za waya uliokatika, hapana. Nyingi ni za namba. "Fundi, hii imeandikwa tano, mbona inabeba tatu?" "Fundi, nilipiga hesabu ya yuniti ishirini, zimeliwa thelathini, nani ananiibia?" Nikifika, kikokotoo huwa hakina kosa. Kosa liko kwenye herufi iliyosomwa haraka haraka: m badala ya M, VA badala ya W, h iliyoachwa mwishoni.

Nimepanga kwa dalili. Ndani ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia na ya nadra imekuja nyuma. Nilipoandika ACHA, acha kweli.

Ngazi ya vipimo yenyewe ni fupi. Miliwati (mW) 1,000 ni wati (W) 1. Wati 1,000 ni kilowati (kW) 1. Kilowati 1,000 ni megawati (MW) 1. Kila daraja ni elfu moja, ndiyo maana ukikosea hukosei kidogo: unakosea mara elfu.

Dalili ya 1: Jibu lina sifuri za kutisha, au limesinyaa mpaka halina maana

*Umezidisha pale pa kugawanya.* Hili hata mimi hunipata nikiwa na haraka. Fikiria mchele. Ukiupima kwa debe, namba ni ndogo. Ukiupima uleule kwa kikombe, namba inapanda. Mchele haukuongezeka. Kilowati ni debe, wati ni kikombe. Ukihama kutoka wati kwenda kilowati, namba lazima ishuke: gawanya kwa 1,000. Pasi ya W 1,200 ni kW 1.2. Ukirudi kwenye wati, zidisha.

Kagua kwa kulinganisha na kitu unachokifahamu. Balbu ya LED ya chumbani ni wati kumi hivi. Feni ya mezani ni hamsini na kitu. Pasi ni kilowati moja na ushee. Mashine ya kusaga ya mtaani huanzia kilowati saba, nane, kwenda juu. Hesabu yako ikisema feni ni kilowati 50, hiyo feni inaweza kusagia mtaa mzima unga.

*Umeruka daraja.* Kutoka megawati hadi wati ni madaraja mawili, yaani sifuri sita na siyo tatu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja MW 235. Zidisha: MW 2,115. Hizo ni kW 2,115,000, na ukishuka tena ni W 2,115,000,000. Kwa upande wa pili, mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana nchini Kenya yana minara 365 ya kW 850 kila mmoja. Hiyo inakuja kW 310,250, ndiyo ile MW 310 inayotajwa kwenye habari. Ukitaka kujipima kama umeelewa ngazi, rudia hizo mbili bila kuangalia majibu.

*Nukta na koma zimebadilishana.* Hapa watu wa Kigoma, Bukavu na Bujumbura hunielewa haraka. Sisi tuliosoma Tanzania na Kenya tunaandika elfu moja na mia tano hivi: 1,500. Koma kwetu hutenga maelfu. Aliyesoma kwa mfumo wa Kifaransa, na kiwanda cha Ulaya kilichochapa kibandiko, huweka koma pale tunapoweka nukta: 1,5 kW ni kilowati moja na nusu. Mteja wangu mmoja alinunua pampu ya kisima yenye maandishi "0,75 kW". Akaisoma kama kilowati 75, akaniuliza kama nyumba yake inahitaji kuvutiwa fezi tatu. Kilowati 75! Hiyo ni mota ya kiwandani, inainuliwa kwa mnyororo; yake aliileta chini ya kwapa.

Kanuni yangu: koma ikifuatiwa na tarakimu moja au mbili, karibu kila mara ni desimali. Ikifuatiwa na tarakimu tatu, tazama ukubwa wa chombo chenyewe ndipo uamue.

*Umechanganya m na M.* Herufi ndogo m ni mili, sehemu moja ya elfu. M kubwa ni mega, milioni. Kati ya mW 1 na MW 1 kuna mara bilioni. Tochi ya leza ya kuonyeshea ubaoni ni mW 5. MW 5 inawasha mji mdogo. Na k ya kilo huandikwa ndogo. Ukikuta "KW" kwenye kibandiko usihangaike, walimaanisha kilowati.

Dalili ya 2: Yuniti zinaisha kabla ya hesabu yako

*Umechukua kilowati na kilowati-saa kama kitu kimoja.* Kosa hili ni la lugha kabla ya kuwa la hesabu, na naona hata wanaojua umeme wanalisema: "kilowati kwa saa". Kwa Kiswahili, "kwa saa" ni kugawanya. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa. Yuniti haigawanywi kwa saa, inazidishwa: kilowati mara saa, ndiyo kWh, kilowati-saa. Kilowati ni ukali wa maji yanayotoka bombani, kilowati-saa ni ndoo ulizojaza. Mtu akiniuliza "kilowati moja ni yuniti ngapi?" namrudishia swali: kwa muda gani?

Yuniti 1 ya LUKU, au ya tokeni kule Kenya, ni kWh 1. Pasi ya kW 1.2 kwa nusu saa inakula 1.2 × 0.5 = yuniti 0.6. Balbu ya W 9 ikiwaka saa 12 za usiku ni 0.009 × 12 = yuniti 0.108. Umeona? Unamgombeza mtoto kwa balbu ya ukumbini huku pasi inakula mara tano yake kabla chai haijaiva.

*Muda umeukisia.* Hita ya kuogea ya kW 4.5, watu watano, dakika kumi kila mmoja: jumla dakika 50. Gawanya kwa 60, zidisha kwa 4.5, unapata yuniti 3.75. Kila asubuhi. Watu huandika "dakika kumi" wakasahau wako watano. Friji ni kinyume chake: imeandikwa W 150, lakini kompresa huwaka na kuzima, kwa hiyo ukizidisha kwa saa 24 jibu linazidi ukweli.

*Kibandiko kinasema kinachotoka, siyo kinachoingia.* Maikrowevu inayouzwa kama ya W 700 inaweka W 700 kwenye chakula. Ukutani inavuta zaidi ya W 1,000. Geuza nyuma yake, namba zote mbili huwa zimeandikwa. Mita inahesabu ile kubwa.

Ukimaliza hayo na bado hesabu haikai, iulize mita yenyewe. Usoni pake kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni maandishi kama "1000 imp/kWh", yaani kikipepesa mara 1,000 yuniti moja imeisha. Yako inaweza kuwa 1,600 au 3,200, soma kwanza. Washa kifaa kimoja tu, vingine vyote vizimwe. Hesabu mipepeso 10 huku unaangalia sekunde kwenye simu. Tuseme zimepita sekunde 30:

kilowati = 3,600 × mipepeso ÷ (sekunde × namba ya imp)

3,600 × 10 ÷ (30 × 1,000) = kW 1.2. Ni pasi, na inasema ukweli. Kwa njia hii nimewahi kukuta birika "la wati 1,500" linalovuta 2,000.

Sasa chomoa kila kitu. Taa ikiendelea kupepesa, kuna umeme unapita mahali. Shusha swichi za sakiti moja moja uone ni ipi inayoituliza. Ukishaijua, ACHA hapo. Yawezekana ni waya unaovuja ukutani au kwenye dari, na huo si wa kutafutwa kwa bisibisi. Ita fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA, mamlaka za kusimamia nishati. Na sili (lakiri) za mita usizikate kwa sababu yoyote ile. Mita ni ya shirika la umeme, wala si yako.

Dalili ya 3: Jenereta au inveta imeandikwa 5, inazima ikifika 4

*Ile 5 ni ya kVA.* Nusu ya simu zangu za jenereta huishia hapa. Kilovolti-ampia (kVA) ni volti mara ampia, ukagawanya kwa 1,000, basi. Kilowati ni sehemu ya hiyo inayofanya kazi kweli. Baina yao kuna kizidishi tunachokiita pawa fakta, na kwenye kibandiko huandikwa "cos φ" au "PF". Jenereta nyingi za fezi tatu zina 0.8, hivyo kVA 5 × 0.8 = kW 4. Haijaharibika, inatoa ilichoahidi. Zile ndogo za fezi moja mara nyingi zimeandikwa 1.0, na hapo namba mbili zinalingana. UPS za kompyuta (zile betri za akiba) ni mbaya zaidi: VA 650 yenye kizidishi cha 0.6 ni W 390 tu.

kVA haigeuzwi kuwa kW kwa elfu moja wala kwa kizidishi ulichokariri. Kizidishi kiko kwenye kibandiko cha mashine yako.

*Umesoma nguvu ya juu kabisa badala ya ya kudumu.* "Max 2.8 kW, Rated 2.5 kW." Duka litakuambia 2.8. Hiyo ni ya dakika chache. Ya kuishi nayo ni 2.5.

*Mota inapoamka huvuta ampia mara tano hadi saba ya zile za kawaida.* Friji ya W 150 ikiamka inaweza kudai W 800 au zaidi kwa sekunde moja hivi. Ukiona jenereta inakoroma kisha inazima friji inapoanza, tatizo ndilo hili. Washa friji au pampu kwanza, taa na televisheni zifuate.

*Uko mlimani.* Hewa nyepesi, injini inapungukiwa. Kadirio la mafundi ni kama asilimia 3 kwa kila mita 300. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa hiyo jenereta ya kW 4 iliyojaribiwa Dar inakupa kama kW 3.3. Nairobi vilevile.

*Chujio la hewa limeziba, kabureta chafu.* Baada ya yote hayo ndipo ufungue injini.

ACHA, na hapa sitanii: usiingize umeme wa jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili. Umeme unatoka nje kwenye nguzo, na aliyepanda kurekebisha akiamini laini imezimwa anakufa. Swichi ya kubadilishia ifungwe na fundi mwenye leseni. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Dalili ya 4: Hosipawa hazilingani na kilowati

Pampu ya kisima ya yule mteja wa kilowati 75 ilikuwa na kibandiko cha bati kilichofunikwa na chokaa ya maji. Nilikisugua kwa kidole na mate mpaka maandishi yakatokea: "P1 1,1 kW", chini yake "P2 0,75 kW", na pembeni "HP 1". Namba tatu, pampu moja. Ipi ni kweli?

Zote. P1 ni umeme unaoingia kutoka ukutani. P2 ni nguvu inayotoka kwenye ekseli ya mota. Tofauti yake imeishia kuwa joto, ndiyo maana mota ikifanya kazi huwezi kuishika kwa muda mrefu. HP 1, yaani hosipawa (nguvu ya farasi) moja, ni ileile P2 kwa kipimo cha zamani.

*Kwa hiyo sababu ya kwanza: umepanga jenereta au inveta kwa HP.* HP ni nguvu ya ekseli. Pampu ya HP 1 inataka kilowati 1 na ushee kutoka ukutani, na zaidi ya hapo inapoamka. Chukua P1. Isipoandikwa, tafuta ampia: volti × ampia × pawa fakta hukupa wati zinazoingia, kwa fezi moja.

*Sababu ya pili: farasi wako wako wawili.* Hosipawa ya Kiingereza ni W 745.7. Ya metriki ni W 735.5, na ilitokana na kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja. Wajerumani huiandika PS, Wafaransa ch au CV, na gari lako lililotoka Japani limeandikwa PS kwenye katalogi. Gari la PS 110 ni 110 × 0.7355 = kW 80.9. Ukitumia 0.7457 unapata 82. Kwa pampu tofauti hiyo isikunyime usingizi. Kwa karatasi za gari au zabuni, inakataliwa. (Na chevaux fiscaux zinazoonekana kwenye hati za magari za Wafaransa si nguvu ya injini kabisa, ni kipimo cha kodi. Usizigeuze.)

*Sababu ya tatu: kiwanda kimekadiria.* Mota huuzwa kwa ngazi zilizozoeleka: kW 0.37 huitwa HP 0.5, kW 0.75 ni HP 1, 1.5 ni 2, 2.2 ni 3, 4 ni 5.5, 7.5 ni 10. Kikokotoo chako kikisema HP 10 ni kW 7.46 na bati linasema 7.5, hakuna aliyekosea.

ACHA kama mota inanguruma bila kuzunguka, au inakata sakiti kila ikiwashwa. Hilo si la kubadili vipimo tena. Yaweza kuwa kapasita, na kapasita hubaki na chaji hata umeme ukizimwa.

Dalili ya 5: Namba ni kubwa, kazi ni ndogo

Redio ya "5000W PMPO": namba hiyo ya mbele ni mapambo. Ipindue, nyuma karibu na waya utakuta "60W". Hiyo ndiyo ya kuzidisha kwa saa.

Paneli ya W 300 inayotoa 220: W 300 ilipimwa maabara, mwanga wa W 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa nyuzi 25. Juu ya bati la Dodoma saa saba mchana seli zina nyuzi zaidi ya 60. Panguza vumbi, angalia kivuli cha mnazi, kisha uridhike.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha joto, kwa saa moja): gawanya kwa 3,412, unapata kW 3.5. Hizo ni kilowati za joto kinazoondoa chumbani. Umeme kinaovuta ni kama theluthi moja ya hapo, umeandikwa kwenye kibandiko cha pembeni. Watu wengi wamekata tamaa ya kununua kwa kuogopa ile 3.5.

Dalili ya 6: Plagi au ekstensheni inachemka

Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa hubeba ampia 13. Kwa volti 230, 13 × 230 ni W 2,990. Kilowati tatu, mwisho. Jumlisha wati zote zilizochomekwa kwenye ekstensheni moja: birika W 2,000 na pasi W 1,200 tayari zimepita.

Kama jumla iko chini ya hapo na bado inachemka, chomoa usubiri ipoe, kisha itazame. Pini iliyogeuka rangi ya kahawia, soketi iliyolegea, au waya mwembamba kuliko kidole cha mtoto: usiirudishe. Ekstensheni nyingi za bei poa zimeandikwa 13A huku waya wake wa ndani haustahili hata 6. Tena usiikunje kwenye kigurudumu chake wakati inatumika, joto linakosa pa kutokea.

ACHA kabisa ukisikia harufu ya plastiki ukutani, ukiona cheche ndani ya soketi, au taa zinafifia kila unapowasha birika. Shusha meinswichi kama unaweza kuifikia bila kugusa kilicholowa au kinachowaka, toa watu nje, usimwage maji, kisha ndipo upige simu.